Habari za George Hirst wa Yorkshire

Katika mchezo wa kriketi watu wengi hujua kazi moja tu. Huyu hushika gongo na kuupiga mpira, apate mbio. Yule hutupa mpira ili aipige miti mitatu iliyo nyuma ya mpigaji, ama amtoe kwa njia nyingine. Azijuaye kazi zote mbili sawasawa ni haba. George Hirst alikuwa mmoja wa hao.

Alizaliwa mwaka wa 1871 katika kijiji cha Kirkheaton, karibu na Huddersfield, jimbo la Yorkshire, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka kumi aliacha shule, akaenda kumtumikia mfuma nguo, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kutia nguo rangi. Sisi walimu hatupendezwi na habari kama hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wengi wa maskini huko. Mwaka wa 1891 aliichezea Yorkshire mara ya kwanza. Alipiga kwa mkono wa kuume, akatupa kwa mkono wa kushoto, na mpira wake ulipinda hewani hata mpigaji asijue auzuie wapi.

Siku zile wachezaji walikuwa wa namna mbili: mabwana, waliocheza kwa kupenda tu, na watu wa ujira. Walikuwa timu moja, walakini mara nyingi walivaa nguo katika vyumba mbalimbali, wakaingia uwanjani kwa milango mbalimbali. Hirst alikuwa mtu wa ujira. Desturi hiyo ya kuwatenga haikuondolewa mpaka mwaka wa 1962.

Mwezi wa Agosti 1902, huko London, Uingereza ilishindana na Australia. Wapigaji tisa wa Uingereza walikuwa wamekwisha kutolewa, na mbio 15 zilikuwa bado zatakiwa. Aliyekuja kusimama pamoja na Hirst ni Wilfred Rhodes, naye pia mzaliwa wa Kirkheaton! Basi watu wawili wa kijiji kimoja wakazipata mbio zile kidogo kidogo, Uingereza ikashinda.

Ni sifa kubwa mchezaji akipata mbio 1,000 na kuwatoa wapigaji 100 katika kiangazi kimoja. Hirst alifanya hivyo mara 14, na Rhodes mara 16. Lakini mwaka wa 1906 Hirst alipata mbio 2,385, akawatoa wapigaji 208. Hakuna mwingine aliyefikia 2,000 na 200 pamoja, wala sidhani kama atatokea, maana michezo ya majimbo imepunguzwa sana. Mwaka ule ule, walipocheza na Somerset mjini Bath, alipata mbio 111, kisha 117 asitolewe. Naye akawatoa wapigaji sita, halafu watano. Husimuliwa kwamba aliulizwa kama yuko atakayempita, akajibu kuwa hajui, ila mtu huyo atakuwa amechoka kweli kweli.

Watu wa Yorkshire walimpenda mno. Mwaka wa 1904 walimchangia zaidi ya pauni 3,700.

Mwaka wa 1920 aliitwa kufundisha kriketi katika shule ya Eton, wasomako wana wa mabwana wakubwa, akadumu huko miaka 18. Yule aliyeiacha shule akali mtoto akawa mwalimu wao, nao wakamheshimu kwa upole wake. Alifariki tarehe 10 Mei, 1954.