Kisito, si Chambo-fimbo

Orodha ya istilahi za michezo na burudani niliyoletewa "niipitie tu" ina kosa moja katika ukurasa wa uvuvi ambalo halipitiki. Kile chambo bandia kirefu, chembamba, ambacho wavuvi wa ndoana nchini Marekani hukirusha ziwani mwanzoni mwa machipuko, na ambacho jamaa zetu waliohamia Missouri na Kentucky hukisikia kikiitwa stikibeti, kimebatizwa chambo-fimbo. Nilikata neno hilo kwa wino mwekundu, nikaandika kando yake: kisito. Jibu lilikuja kwa mistari miwili, kwamba kamati imeridhika na pendekezo lililopo. Kuridhika kwa kamati ni habari njema kwa wanakamati, lakini si hoja ya isimu. Na kwa kuwa mle ndani sikupewa nafasi ya kusema, nasema hapa.

Tuanze na fimbo yenyewe. Mvuvi tunayemzungumzia tayari ana fimbo mkononi, fimbo ya kuvulia, yenye gurudumu la kukunjia mshipi. Mbwa mwitu ni mbwa wa mwituni, askari kanzu ni askari aliyevaa kanzu. Kwa mantiki hiyohiyo chambo-fimbo ni chambo cha fimbo, yaani chambo chochote kile kinachorushwa kwa fimbo, kiwe nyungunyungu, kipande cha ngisi au donge la ugali. Msomaji hana njia ya kujua kwamba alitakiwa kuelewa "chambo chenye umbo la kijiti". Kistari kile cha katikati, ambacho kamati zetu hukipenda mno, hakiongezi maana hata chembe.

Watetezi wa fimbo hudai wamekifuata Kiingereza. Wamekifuata nusu njia. Stiki ni sticca ya Kiingereza cha kale, kijiti au kigingi, na ukoo wake ni kitenzi cha kudunga. Hapo wakatua mizigo. Lakini nusu ya pili, beti, ndiyo yenye utamu. Iliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, katika kitenzi beita, ambacho nacho ni kauli ya kusababisha ya bíta, kuuma. Beita ni kumfanya mwingine aume. Kwa Kiswahili tungeunda kuumisha, na tusikichanganye na kuumiza, ingawa kwa samaki yote mawili ni kweli. Watu wale walikipa chambo jina kwa kukitazama kazi yake, mdomoni mwa samaki. Wanaistilahi wetu wamepita juu ya lulu wakaokota kijiti.

Isitoshe, Kiingereza chenyewe hakina msimamo. Stikibeti huitwa vitu vitatu. Kuna kijiti kigumu kinachoelea juu ya maji na kutembea kwa kuyumba kushoto na kulia, kama Zara Spook ya kampuni ya Heddon. Kuna nyungunyungu wa plastiki laini anayezama taratibu huku akitikisika ncha zote mbili. Senko ya Gary Yamamoto ndiyo inayojulikana zaidi. Na kuna kile wanachokiita hivyo watu wa milima ya Ozark, mpakani mwa Missouri na Arkansas: dagaa bandia mwenye kijiulimi cha plastiki mdomoni cha kumzamisha, na tumboni ndoana mbili au tatu za matawi matatu. Ukurasa ule wa orodha unataja maji maangavu, baridi na mwanzo wa machipuko, kwa hiyo bila shaka unakusudia hiki cha tatu. Hiki umbo lake halisemi lolote. Kinachokitofautisha ni tabia.

Mtazame mvuvi wa ziwa Table Rock, lililotokea baada ya mto White kuzuiwa kwa bwawa lililokamilika mwaka 1958. Ni Machi mwanzoni. Maji yana nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi, na besi, samaki wanaovuliwa kwa chambo hiki, bado hawajasogea kwenye maji mafupi kutaga. Hilo husubiri nyuzi 15 na zaidi. Wako katikati ya maji, juu ya kina kirefu, kando ya miti mikavu iliyoachwa imesimama bonde lilipojazwa. Joto la mwili wa samaki ni joto la maji, basi hana haraka na chochote. Mvuvi anarusha mbali, anakunja mshipi mpaka chambo kizame mita moja na nusu hivi, anakishtua mara mbili kwa ncha ya fimbo, kisha anaacha. Sekunde 5. Sekunde 10. Baridi ikizidi, hata 20. Chambo hakipandi wala hakizami. Kimekaa palepale, na chini yake besi anakitazama, kwa kuwa maji ni maangavu na anaona mbali. Akikidaka, mara nyingi hakuna kishindo. Mvuvi anapotaka kushtua tena, anakuta mshipi umekuwa mzito.

Kwa nini besi anauma wakati huo? Mle ziwani kuna dagaa waitwao shadi, na aina yao moja haistahimili baridi: maji yakikaribia nyuzi 5 huanza kufa. Anayekufa hutapatapa, hutulia, hutapatapa tena. Lauri Rapala wa Finland, aliyechonga chambo chake maarufu mwaka 1936, alikuwa ameona kwamba samaki wakubwa humchagua yule dagaa mwenye mwendo wa kilema. Chambo cha Ozark kimeongeza jambo moja juu ya somo hilo, nalo ni kutulia. Hata uzito wake umepimwa kwa ajili hiyo. Maji ni mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4, hivyo chambo kilichotulia vizuri ndani ya beseni la jikoni huanza kupanda polepole kikitiwa kwenye ziwa la baridi. Wavuvi hukijaribu kandokando ya boti na kukibandika vipande vyembamba vya risasi tumboni mpaka kikae sawa. Mzee wa pwani angesema ni chubwi, ila chubwi kazi yake ni kuzamisha, na hivi hukizuia chambo kisipande tu.

Ndipo ninapokuja na kisito. Kusita ni kusimama kidogo katikati ya tendo: mgeni husita mlangoni, mnunuzi husita bei ikitajwa. Kauli ya kutendesha tunayo siku zote redioni, kila mapigano yanaposemwa kwamba yamesitishwa. Utaratibu wa kuunda nomino ya chombo ni ule wa kale, ki- mbele na -o nyuma: kuziba kizibo, kupima kipimo, kufunika kifuniko. Kusita, kisito. Hakuna kistari, hakuna ufafanuzi wa mstari mzima, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukiweka katika wingi bila kufundishwa: visito.

Nimefikishiwa pingamizi mbili, zote kwa mdomo wa watu wengine. Ya kwanza ni ya mjumbe aliyeuliza, huku wenzake wakicheka, kama kisito ndicho chambo cha sita. Sita ya kuhesabia tuliipokea kutoka Kiarabu, ikaifunika tandatu yetu ya Kibantu. Sita ya kutua mwendo ni kitenzi, na maneno hayo mawili yameishi nyumba moja miaka yote bila mtu kugongana nayo. Mjumbe huyo akisita kujibu swali, hakuna anayedhani anahesabu. Pingamizi ya pili ni kwamba kisito kinafanana mno na kizito. Ni kweli vinatofautiana kwa konsonanti moja. Vivyo hivyo saa na zaa, sima na zima, na hakuna kamati iliyowahi kuketi kuvitenganisha.

Mpinzani mwingine, ambaye kwa vitabu vyake ningemtarajia kuwa makini zaidi, amependekeza kichambo, kwa hoja kwamba ni chambo kidogo. Aende Dar es Salaam akamwambie shangazi yeyote anayependa taarabu kwamba amemletea kichambo. Atakachojibiwa hakitakuwa cha uvuvi.

Samaki mwenyewe pia hakusalimika. Orodha inamwita basi, eti ndivyo Wamarekani wanavyomtamka, nasi tusome kwa utulivu kwamba fulani amevua basi la kilo 3 katika ziwa Naivasha. Jina hilo la Kiingereza lilikuwa bærs, ndugu wa Barsch ya Kijerumani, na asili yake ni ncha kali, bila shaka kwa miiba ya pezi la mgongoni. Mimi naandika besi. Najua kuna gitaa la besi, lakini gitaa halivuliwi, na ngeli ya viumbe inamaliza utata: besi huyu, besi hawa.

Matumizi ni mepesi. Tunavua kwa kisito, tunakishtua, tunakisitisha, kisito kinachopanda hutiwa risasi. Cha juu ya maji kiitwe kitangatanga, na kile laini kibaki nyungunyungu wa plastiki. Besi wamo Naivasha tangu 1929, ila kule hakuna majira ya baridi na maji ni ya tope, kwa hiyo mvuvi wa Naivasha hatalazimika kusubiri sekunde 20.

Orodha haijaenda kiwandani. Nawaomba wahusika wafute fimbo waandike kisito, wafute basi waandike besi, na wakiwa na kalamu mkononi bado, waufikie ukurasa wa mwisho, pale walipoandika "majira ya chemchemi". Chemchemi ni maji yanayobubujika ardhini. Majira yale ni machipuko.