Parafujo ya Tanegashima

Fundi wa mtaani akitaka kufunga nati haanzi kwa kuikaza. Huishika kwa ncha za vidole, akairudisha nyuma kidogo, kinyume cha inakotakiwa kwenda, mpaka aisikie ikilia tik: nyuzi za nati zimeangukia nyuzi za bolti. Hapo ndipo huigeuza kwenda mbele. Niliwahi kulazimisha nati ya jiko la gesi bila kufanya hivyo. Nikaishia na bolti iliyolika nyuzi na fundi aliyenitazama kwa huruma. "Ungeisikiliza kwanza, kaka," akaniambia, na bei akaipandisha.

Maneno yake yalinirudia nilipokuwa napitia mawaidha ambayo Wamarekani hupeana wanapojiundia bunduki ya shabaha kwa mara ya kwanza. Huko ni burudani ya watu wazima, kama wengine wanavyofuga njiwa. Sheria ya shirikisho huhesabu kipande kimoja tu, risiva, yaani kiunzi kinachoshika komeo na mtutu, kuwa ndiyo bunduki yenyewe. Mtutu, kitako, kifyatulio na darubini hununuliwa kama vipuri vya pikipiki. (Msomaji wa Kenya au Tanzania asijaribu. Kwetu kujitengenezea silaha bila kibali ni kosa la jinai, na wafua magobore wa vijijini wanalijua hilo vizuri.) Ushauri wa kwanza anaopewa mwanagenzi unahusu pochi: pesa nyingi ziende kwenye mtutu, zinazofuata kwenye darubini, kitako kizuri kitasubiri mwaka ujao. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila unaanzia kwenye vipande, ilhali wahunzi wa zamani, kila mmoja kwa njia yake, waliteswa na mahali kipande kimoja kinapokutana na kingine.

Aliyeteswa kuliko wote ni Yaita Kinbee, mhunzi wa kisiwa cha Tanegashima, kusini mwa Japani. Mwaka 1543 merikebu ya Kichina iliyobeba Wareno ilitia nanga kisiwani hapo, na bwana wa kisiwa, kijana aliyeitwa Tokitaka, akanunua bunduki mbili za mrao, zile ambazo utambi unaofukuta ndio unaowasha baruti. Akamkabidhi mhunzi wake: tengeneza kama hii. Yaita alikuwa mtu wa nchi iliyosifika kwa panga zake. Chuma hakikumtisha. Kufua bamba, kulizungushia mtaimbo mpaka likawa bomba, kulichomelea kwa moto na nyundo, yote hayo aliyaweza. Kilichomshinda ni kuziba nyuma.

Baruti ikilipuka ndani ya bomba haichagui upande. Husukuma risasi mbele kwa nguvu ileile inayosukuma kizibo kuelekea usoni kwa mpigaji. Na kizibo hicho hakifai kuchomelewa moja kwa moja, kwa sababu bomba lazima lifunguliwe lisafishwe masizi. Wareno walikuwa wameziba kwa parafujo, nayo parafujo Japani ilikuwa haijulikani. Kitabu cha Teppōki, kilichoandikwa mwaka 1606 kwa heshima ya ukoo wa Tanegashima, kinasimulia kwamba mwaka uliofuata ilikuja merikebu nyingine ikiwa na mhunzi ndani yake, naye ndiye aliyemfundisha Yaita jinsi ya kufunga ncha ile. Hekaya ya kisiwani inaongeza kwamba Yaita alilipia somo hilo kwa kumwoza Mreno binti yake, Wakasa. Mimi hekaya ya binti siipi uzito mkubwa, lakini naelewa kwa nini imedumu. Watu walitafuta bei inayolingana na thamani ya zile nyuzi chache za chuma, wakaona fedha haitoshi.

Neno tunalolitumia pwani, parafujo, tulilichukua kwa Wareno haohao. Sisi tulipata jina. Yaita alihitaji kitu chenyewe.

Ukihama kutoka hapo mpaka Paris ya mwaka 1785, unakuta tatizo limegeuka sura. Sasa parafujo kila mtu anazo, ila hakuna mbili zinazofanana. Katika karakana za Ulaya kila kipande cha mtambo wa gumegume kilipigwa tupa mpaka kikae na wenzake wa mtambo uleule. Springi ya bunduki yangu haikuingia kwenye bunduki yako, hata kama zilitoka mkononi mwa fundi mmoja asubuhi moja. Askari aliyevunja kipande kimoja vitani alihitaji fundi mwenye tupa na muda, vitu viwili visivyopatikana vitani. Honoré Blanc, fundi wa Kifaransa, alikusudia kulimaliza hilo kwa vipimo na violezo. Mwaka huo Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani, alimtembelea, na mwezi Agosti akamwandikia John Jay barua yenye msisimko wa mtoto. Alionyeshwa vipande vya mitambo hamsini vikiwa vimetenganishwa, kila aina kwenye kisanduku chake. Akachukua kimojakimoja bila kuchagua, akaunga mitambo kadhaa kwa mikono yake mwenyewe, na vyote vikakaa.

Jefferson hakuwa mhunzi. Alikuwa mwanasheria mwenye vidole vyepesi, na kwa hesabu yangu ndiye babu wa kila Mmarekani anayefungua boksi la vipuri juu ya meza ya jikoni. Ndoto yenyewe ilichelewa. Eli Whitney alipewa mkataba mwaka 1798 wa bunduki 10,000, akawafungia wakubwa wa Washington mitambo mbele ya macho yao mwaka 1801, Jefferson akiwamo, wakapiga makofi. Waliokuja kuzifungua bunduki zake baadaye walikuta vipande vimetiwa alama, kila kimoja kikijua mwenzake ni nani; yaani tupa ilikuwa ingali kazini. John Hall, kule Harpers Ferry katika miaka ya 1820, ndiye aliyeifanikisha ndoto hiyo kwelikweli.

Lakini kuna jambo ambalo Blanc hakulihitaji na mlenga shabaha analihitaji. Kipande kinachoweza kuingia kwenye bunduki elfu lazima kiwe na nafasi kidogo ya kucheza katika kila moja. Kwa askari nafasi hiyo ni neema: mchanga ukiingia, bunduki bado itakokeka. Kwa mtu anayetaka risasi tano zipite kwenye duara moja dogo, nafasi hiyohiyo ni ugonjwa. Ni tofauti ya suruali ya dukani na suruali ya kupimisha. Ya kwanza inawatosha wengi, ya pili inamkaa mmoja.

Ndiyo maana huyo Mmarekani, akishanunua vipande kwa imani ya Blanc, huanza kuwatafuta watu wa kuitengua. Risiva hupelekwa kwenye mashine ya kukereza ili uso wake na nyuzi zake zinyooke sawasawa na mtutu. Kitako hupakwa ndani gundi ya epoksi, risiva ikalazwa humo, gundi ikakauka kwa umbo lake kama saruji mbichi inavyoshika unyayo. Kuanzia siku hiyo kitako hicho ni cha risiva hiyo tu. Mtutu wenyewe hufanyiwa kinyume: huachwa uelee, usiguse kitako popote mbele ya risiva, kwa sababu ukipata moto utataka kutanuka na kutetemeka bila kusukumwa na mtu. Kipimo cha kuelea kwake ni noti ya dola. Unaipitisha chini ya mtutu, unaivuta polepole kuelekea nyuma. Ikikwama njiani, hapo pana ubao wa kupunguza.

Mtu aliyejaribu kuzipatanisha imani hizi mbili ni Joseph Whitworth wa Manchester. Mwaka 1841 alipendekeza Uingereza nzima itumie nyuzi za aina moja kwa parafujo zake, zenye pembe ya digrii 55, na baadhi ya bolti kuukuu zilizozagaa katika karakana zetu bado zinafuata kanuni yake. Baadaye akageukia bunduki, akaichonga njia ya risasi kwa pembe sita. Julai 1860, katika ufunguzi wa mashindano ya kulenga shabaha ya Wimbledon, bunduki yake ilifungwa kwenye kiegemeo cha chuma, ikaelekezwa shabaha iliyokuwa yadi 400, na Malkia Victoria akaombwa avute uzi wa hariri uliofungwa kwenye kifyatulio. Risasi ikapiga karibu kabisa na kiini. Jeshi lilimshukuru Whitworth, likaacha kuinunua: ilikuwa ghali na ilichafuka upesi.

Katika vipuri vya leo, kitu kinachomfaa mwanagenzi kuliko vyote ni nati tu. Bunduki ya Savage 110, iliyotoka mwaka 1958, hushikilia mtutu wake kwa nati kubwa badala ya bega lililokerezwa. Ukilegeza nati, mtutu unaingia ndani au kutoka nje kidogokidogo, mpaka nafasi kati ya komeo na mahali risasi inapokomea ndani ya mtutu iwe sahihi. Nafasi hiyo haikadiriwi kwa jicho. Kuna vipimo viwili vya chuma kigumu: kimoja lazima komeo lifunge juu yake, cha pili lazima likatae. Komeo likifunga kwa cha pili, ganda la risasi linaweza kupasuka, na gesi ikarudi usoni, palepale alipoogopa Yaita. Wenye busara huwaambia wageni wa kazi hii kwamba, hata wakiwa na vipimo hivyo, wampelekee fundi mwenye leseni aikague kabla ya risasi ya kwanza.

Wapo wanaoiona shughuli yote hii kuwa kupoteza mchana. Uswisi, kwenye mashindano ya kila mwaka ya Feldschiessen, watu hupiga risasi 18 kwa mita 300 wakitumia bunduki za jeshi. Hakuna anayekuja na kitako cha kupimisha. Na huko Japani, baada ya parafujo kuwa jambo la kawaida, shule ya bunduki ya Inatomi ilihamishia siri yake mahali pengine kabisa. Hati zake za mwanzoni mwa karne ya 17 zina picha za wapigaji walio karibu uchi, ili mwanafunzi aone goti limekaa wapi na kiwiko kimeegemea nini. Bunduki kwenye picha zile imechorwa kwa uangalifu. Mbavu zimechorwa kwa uangalifu zaidi.

Mwanagenzi wa Marekani hufika kwenye hatua hiyo ya mkao wa mwili akiwa amechoka na amefilisika. Analala kifudifudi, anapiga risasi tano kwa mita 100, anakwenda kutazama karatasi. Alitarajia duara la milimita 29, ile dakika moja ya pembe wanayoitaja kama watu wanavyotaja mahari. Anakuta matundu yametawanyika kama mtama uliomwagika. Jambo la kwanza linalomjia ni kwamba mtutu ni mbovu, na simu iko mfukoni, na duka la mitutu halifungwi usiku.

Mkongwe aliyelala mkeka wa pili hamuulizi alinunua mtutu gani. Anaomba bunduki iwe tupu, komeo litolewe, kisha anachukua spana ndogo yenye kipimo cha nguvu na kuigusisha kwenye parafujo mbili zinazoshika risiva kwenye kitako. Ya nyuma imekaza. Ya mbele inazunguka robo nzima kabla ya kushika.