Uonevu wa mtandaoni

Uonevu wa mtandaoni ni kumtukana, kumtisha au kumdhalilisha mtu kupitia simu au kompyuta. Zamani mtoto aliyechokozwa shuleni alipumzika akifika nyumbani. Siku hizi matusi humfuata hadi kitandani, simu ikitetemeka chini ya mto.

Lakini matusi si hatari pekee ya mtandaoni. Molly Russell wa London alifariki Novemba 2017, akiwa na miaka 14. Uchunguzi wa kifo chake ulieleza kwamba katika miezi 6 ya mwisho alihifadhi, alipenda au alisambaza machapisho 16,300 ya Instagram. 2,100 kati yake yalihusu sonona, kujidhuru au kujiua. Baadhi ya machapisho hayo aliletewa na programu bila kuyaomba, na hilo ndilo linalotisha zaidi.

Tanzania huadhibu uonevu wa mtandaoni kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.