Baiskeli za murram: Kutoka Eastlands hadi bonde la Athi

WAKAZI wa Umoja, Kayole na Komarock wanaopenda kuendesha baiskeli hawana haja ya kusafiri mbali kutafuta barabara za murram.

Barabara ya Kangundo huelekea mashariki hadi Ruai, Kamulu na Joska katika nyanda za mto Athi, kisha hupanda Tala na Kangundo penye mashamba ya kahawa. Njia za vumbi huchepuka kutoka lami hiyo pande zote mbili.

Baiskeli ifaayo ina usukani uliopinda chini kama ya mashindano ya lami, ila tairi zake ni pana, aghalabu milimita 35 hadi 50. Hazijazwi upepo mwingi, ili zishike changarawe.

Nchini, mashindano ya Migration Gravel Race yalianza 2021 katika eneo la Maasai Mara. Mwaka uliofuata, mashindano ya kwanza ya dunia yaliandaliwa Veneto, Italia, penye mashamba ya mizabibu.

Hata hivyo, changarawe ina hatari zake. Mnamo Agosti 27, 2022, Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alifariki baada ya kuanguka akiwa kasi katika mashindano ya Vermont Overland, Marekani.

Mwendeshaji hana budi kuvaa kofia ngumu na kupunguza mwendo kabla ya kufika konani. Kwenye lami, Jumapili asubuhi ni afadhali, kwani matatu na malori huwa machache.

Msimu wa mvua, udongo mweusi wa nyanda hizo hunata hadi magurudumu yakakwama.