Mafunzo ya Mbinu za Utafiti wa Jamii: Msingi wa Takwimu Sahihi Mbeya na Iringa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Mbeya una watu 2,343,754 na Mkoa wa Iringa watu 1,192,728. Takwimu hizo ndizo zinazoongoza upangaji wa madarasa, zahanati na huduma za maji. Hata hivyo, usahihi wake haukuanza siku ya kuhesabu. Ulianza katika vyumba vya mafunzo, ambako makarani na wasimamizi walifundishwa namna ya kuuliza, kusikiliza na kujaza majibu kwenye vishikwambi.

Mafunzo ya sensa hutolewa kwa ngazi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) huandaa wakufunzi wa kitaifa, nao huwafundisha wakufunzi wa mikoa, ambao huwafikia makarani katika wilaya. Mfumo huu huwezesha watu wengi kufundishwa kwa muda mfupi, lakini una hatari yake: dhana ikieleweka vibaya katika ngazi ya juu, kosa hushuka hadi katika mamia ya kaya. Ndiyo maana washiriki hupewa mazoezi, huhojiana wao kwa wao na kufanya majaribio mitaani kabla ya kazi yenyewe.

Jambo la kwanza kufundishwa ni maana ya maneno. Katika sensa ya 2022, aliyehesabiwa katika kaya ni yule aliyelala hapo usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa hiyo, mkazi wa Makete aliyelala Mufindi akifanya kazi katika mashamba ya chai alipaswa kuhesabiwa Mufindi, hata kama mkewe na watoto walikuwa Makete. Karani asiyeelewa kanuni hiyo angeweza kumhesabu mtu mara mbili au kumwacha kabisa.

Kwa tafiti zisizofikia kila kaya, somo kubwa ni uteuzi wa sampuli. Kwa kawaida, huteuliwa kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya chache katika kila eneo. Mdadisi akikuta mlango umefungwa hatakiwi kuingia kwa jirani ili amalize kazi mapema. Hurudi siku au saa nyingine. Akifanya vinginevyo, wakulima wanaoshinda mashambani Mbarali au Kilolo wataachwa nje, na matokeo yataeleza maisha ya wale tu wanaopatikana nyumbani mchana.

Lugha nayo hupewa uzito. Dodoso huandikwa kwa Kiswahili, lakini baadhi ya wazee hujieleza vyema zaidi kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe. Wadadisi hukubaliana mapema namna ya kueleza kila swali, ili watu wawili walioulizwa jambo moja wasije wakajibu mambo mawili tofauti.

Utafiti wa jamii una historia ndefu katika Nyanda za Juu Kusini. Katika miaka ya 1930, Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe na kujifunza lugha yao. Huko Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown na ofisa wa utawala Bruce Hutt walifanya jaribio la kuunganisha utafiti na uongozi wa wilaya, na kitabu chao kuhusu Wahehe kilichapishwa mwaka 1935. Wakati huo maswali yalitoka kwa serikali ya kikoloni, na wananchi walibaki kuwa wenye kuchunguzwa. Leo vijana wa mikoa hii wanaweza kuwa watafiti wa jamii zao wenyewe, mradi wapate ujuzi.

Ujuzi huo unapatikana katika masomo ya shahada yanayohitaji utafiti, yakiwemo ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa, pamoja na Chuo Kikuu Mzumbe katika kampasi yake ya Mbeya. Wanaotaka kubobea katika takwimu huweza kujiunga na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1961 na kilichopo Dar es Salaam.

Maadili ni sehemu ya lazima ya mafunzo. Utafiti wa viashiria na matokeo ya VVU wa mwaka 2016/17 ulionesha maambukizi ya asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Takwimu za namna hiyo hazipatikani iwapo mhojiwa anahofia kuwa majibu yake yatajadiliwa kijiweni. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inalinda siri za watoa taarifa.

Mwananchi anapotembelewa anashauriwa kuomba kuona kitambulisho na barua ya utambulisho, na kuthibitisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kushiriki katika sensa ni wajibu wa kisheria. Kwa utafiti wa mwanafunzi au mtafiti binafsi, mhojiwa ana haki ya kuelezwa madhumuni, kukataa swali na kusitisha mahojiano. Mtafiti aliyefundishwa vyema humweleza mhojiwa haki hizo kabla ya kuuliza swali la kwanza.