Jinsi ya kulinganisha maduka ya vyakula Eldoret

WAKAZI wa Eldoret, mji uliotawazwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, hununua vyakula katika maduka makuu kama Naivas na Khetia's, sokoni na vibandani. Hakuna duka moja lililo nafuu kwa kila bidhaa.

Bei: Linganisha kwa kilo, si kwa pakiti. Kwa mfano, sukari ya kilo mbili kwa Sh300 ni nafuu kuliko ya kilo moja kwa Sh160. Sokoni, ambako nafaka hupimwa kwa gorogoro, kagua kitako cha mkebe; kikibonyezwa ndani, kipimo hupungua.

Ubora: Tazama nembo ya KEBS na tarehe ya mwisho ya matumizi. Epuka mahindi yenye ukungu, kwani huenda yana sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupikwa.

Huduma: Hakikisha bei ya rafuni inalingana na ya risiti. Kibanda hakitoi risiti, lakini mwenyewe humkopesha mteja anayemfahamu. Vocha nazo zitumie mapema: hata Nakumatt, iliyokuwa na matawi kote nchini, wadai wake waliamua ifilisiwe Januari 2020.