Shaaban Robert: Moyo Uliotangulia Kalamu

Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Tanga, husifiwa kwa ufundi wa lugha, ilhali maandishi yake yanaonyesha kwamba moyo ndio uliotangulia kalamu. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia kwa shairi, akaipa ndoa heshima ya kudumu katika fasihi. Imani yake ya Kiislamu nayo yaonekana katika Utenzi wa Hati, wosia aliomtungia bintiye.

Huenda mtu akasema washairi hupamba, na maneno si matendo. Ni kweli, lakini barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge ni za mwaka 1931 hadi 1958. Pambo la siku moja ni rahisi. Udugu uliokomaa ukawa urafiki, ukatunzwa zaidi ya robo karne, hauigizwi.